Bibi-arusi na Shimo la Barabarani

Jumamosi, mbele ya ofisi moja ya serikali hapa Kisangani, maharusi walikuwa wakipigwa picha, kama ilivyo desturi ya mji wetu. Kando yao, mama muuza mikate aliinua simu kupiga picha shimo lililomwangusha mtu wa pikipiki muda huo huo. Polisi akamnyang'anya simu.

"Hapa ni kwa serikali, mama. Bamekataza kupiga picha!" Nani alikataza, hakusema.

"Na bale ba ndoa, papa?" mama akamuuliza, akiwaonyesha maharusi kwa kidole.

"Ile iko picha ya furaha."

Bibi-arusi alisikia. Akainua gauni hadi magotini, akaenda kusimama ukingoni mwa shimo, akatabasamu.

"Papa, mupatie simu yake apige. Mimi niko na furaha."

Wageni wakapiga vigelegele. Polisi akautazama umati, akairudisha simu.

"Bon, sawa. Lakini mimi nisionekane."

Mama akapiga; mpiga picha wa harusi naye akapiga. Barabara ni yetu, jamani, pamoja na aibu zake. Sasa shimo limo ndani ya albamu ya ndoa, na natumaini siku moja mtoto wao atauliza: "Mama, hii kitu ilikuwa nini?"