Swali la Mwalimu Wenceslaus Lililofungia Karanga

Mwaka ni 1963, na jua la alasiri linachoma baraza la nyumba ya Mwalimu Wenceslaus Luhende, mtaa wa Chemchem, mjini Tabora. Mbele yake kuna insha hamsini na mbili. Anasoma, anaguna, anaandika swali pembeni mwa ukurasa. Amekunja ndita tangu tulipoketi naye kwa mahojiano.

Anafundisha uandishi katika chuo kimoja cha ualimu, na hasira zake hazifichi.

Mwezi uliopita alinunua karanga stesheni. Alipofungua karatasi akakuta mwandiko wake mwenyewe: "Umejuaje kwamba wapagazi walifurahia kazi yao? Ulimwuliza nani?" Ilikuwa insha ya mwanafunzi wake, Dionis Masele, kuhusu njia ya misafara.

"Nilitaka kumzaba vibao," anasema. "Nikamwita. Akaniambia, 'Mwalimu, mimi nilitazama alama tu, nikaitupa. Hilo swali ningelijibu wapi?'"

Tangu siku hiyo hatoi alama mpaka mwanafunzi ajibu maswali na kuiandika insha upya. Wanafunzi wananung'unika. Walimu wenzake wanamcheka, maana kwao karatasi iliyojaa wino mwekundu ndiyo ushahidi wa kazi, hasa mkaguzi anapopita.

"Mkaguzi!" anafoka. "Anatazama wino, hasomi neno. Mtoto wa watu hakujifunza kitu, lakini karatasi imepakwa rangi, basi sote tumefaulu. Upuuzi mtupu!"

Mkuu wa chuo amempa hadi Jumamosi alete alama za wote, la sivyo atahamishiwa shule ya kijijini, Ziba.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," mkewe, Bi Apolinaria, anamchokoza kutoka jikoni. "Na wewe Mkristo, sijui Idi yako ni lini."

Mwalimu anavuta insha nyingine.

Mara hodi. Ni Masele, ametoka Nzega kwa babu yake, mpagazi wa zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Soma."

Masele anasoma akiwa amesimama: "Babu alivua shati akanionyesha bega. Pana shimo la mizigo, nyama haikurudi. Alisema hajapata kumwona mpagazi aliyefurahi."

Bi Apolinaria ametoka jikoni, mwiko mkononi. Mwalimu anaichukua karatasi, anaisoma mwenyewe, kisha anaandika chini yake: "Mizigo hiyo ilikuwa ya nani?"

"Na alama, mwalimu?"

"Kajibu kwanza."

Masele anapoondoka na karatasi yake, mwalimu ananigeukia. "Jumamosi nitampelekea mkuu insha hiyo, aisome yeye na mkaguzi wake. Wakinipeleka Ziba, nitakwenda. Huko nako kuna wazee wenye mabega."