Sabufa na Mtumbwi wa Baba

Mama yangu hakuwahi kuipenda sabufa yangu. Mara ya kwanza nilipoingia nayo nyumbani Izigo, imefungwa kwenye buti la gari na besi inatikisa hadi sahani za jikoni, alitoka na mwiko mkononi akaniangalia tu mpaka nikazima mwenyewe. Kisha akasema, "Debe tupu haliachi kuvuma," akarudi kwenye ebitoke vyake, ndizi alizokuwa akipika. Hasira zilinipata baadaye, nikiwa njiani kurudi Bukoba, nilipogundua kwamba sikuwa na la kumjibu.

Naanza na hilo ili ieleweke kwamba mama si mtu wa kuota mchana. Amelima migomba na kahawa maisha yake yote, anasali rozari kila jioni, na mtu akimletea habari za majini humuuliza kama ameshapalilia. Kwa hiyo, aliponiambia miezi michache baada ya kumzika baba kwamba baba bado anavuma ndani ya nyumba, sikujua maneno yale niyaweke wapi.

Baba alikuwa mkamuaji wa ndizi za lubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu ni kazi ya wanaume: ndizi zilizoiva humenywa, zikatiwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi mrefu uliochongwa kwa gogo moja, zikakanyagwa kwa miguu mpaka zitoe maji. Baba alikanyaga huku amefumba mdomo, akitoa mvumo mmoja tu kutoka kifuani, mzito, usio na neno ndani yake. Aliukatisha ili avute pumzi tu, kisha akaendelea palepale alipoishia. Nikiwa mdogo nilidhani ndizi hazikamuki bila mvumo ule. Mtumbwi wenyewe bado uko chumba cha nyuma, umelazwa kando ya ukuta, na nje ya ukuta huo ni kibanja chetu. Humo, katikati ya migomba, ndimo tulimomzika.

"Jua likishuka anaanza," mama aliniambia. "Ni yeye, namjua. Isipokuwa siku hizi hapumui."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mbuzi amekata kamba. Mimi ndiye niliyeingiwa na baridi.

Tungeweza kuliacha jambo hilo hivyo, kama mama asingeanguka. Aliteleza kibanjani wakati wa mvua, nyonga ikamgoma, akalala kwenye matope mpaka jirani aliyekuwa akipita akasikia anaita. Dada yangu mkubwa, anayeishi Mwanza, alinipigia simu siku hiyohiyo. "Mchukue," alisema. "Akikataa mwambie mkataa pema, pabaya panamwita. Tukimwacha pale peke yake tutakuja kumwokota." Alisema kweli. Mimi nilikuwa nimepanga nyumba Kagondo, mjini Bukoba, hospitali iko karibu, chumba kipo. Isitoshe, mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, na matanga yalipoisha ukoo ulinisimamisha kuwa omusika, mrithi wa baba. Mzigo ulikuwa wangu.

Nilikwenda Izigo kumchukua. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa akamwani, buni kavu za kutafuna, akasema, "Omusika wa simu amekuja. Haya, nionyeshe kinachovuma humu ndani. Kikiwa kitu, nitapanda gari lako leo na sitanuna. Akiwa ni baba yenu, simwachi peke yake, nawe hutaniuliza tena."

Nikakubali haraka, kwa kuwa nilijiona nimeshashinda. Kuhusu sauti nzito mimi ni mwenyeji. Nimechezea redio za magari tangu nilipopata gari la kwanza, na kama kuna kitu najua ni kwamba besi haina adabu. Inapita ukutani, inapita kwenye migomba, inaingia kwa jirani bila hodi, na sikio haliwezi kusema inatoka upande gani. Nilijua ni mashine ya kusaga mahali fulani, au jenereta ya mtu. Mtumbwi ule mtupu ulikuwa sanduku la mbao, na sanduku la mbao likipata mlio wake huitikia. Ningemtafutia mama mlio unaofanana kwa kutumia sabufa, autambue, halafu nimweleze kwamba hata gari langu linaweza kumwigiza marehemu.

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana katika kijiji chote. Jambo hilo lilipaswa kunifikirisha, lakini mtu akitaka kushinda hafikirii sana.

Nilirudisha gari kinyumenyume mpaka buti likatazama dirisha la chumba cha nyuma, nikazima injini isije ikaleta ngurumo yake. Nikaanza kupanga vyombo kama inavyotakiwa. Redio niliirudisha vipimo vyote katikati na kuondoa nyongeza za besi. Kwenye amplifaya nilifunga yote geini, kidude cha kupimia nguvu inayoingia kutoka redioni, nikapandisha sauti ya redio hadi kama robo tatu, kisha nikaifungua geini taratibu mpaka spika ikaanza kukwaruza, nikairudisha nyuma kidogo. Watu wengi wanadhani geini ni ya kuongeza kelele, ndiyo maana mjini spika zinaungua kama mahindi yaliyosahauliwa jikoni. Kichujio nikakiweka kipitishe sauti nzito tu. Simuni nilikuwa na programu inayotoa mlio mmoja usiobadilika. Ukipandisha namba unapanda, ukishusha unashuka.

Mama aliketi kwenye mkeka karibu na mtumbwi, rozari shingoni, mkono mmoja juu ya ubao. Nilimwona vizuri kupitia dirishani. Jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya migomba.

"Ameanza," alisema.

Mimi sikusikia chochote, nikamwambia hivyo.

"Wewe masikio yako umeyaharibu na hilo debe. Washa."

Niliwasha. Mlio ukatoka, vioo vikatetemeka. "Si huo," alisema mama. "Shuka." Nikashusha. "Bado." Nikashusha tena. Akafumba macho, akainua kidole jinsi alivyokuwa akituinulia kanisani tulipokuwa wadogo. "Hapo karibu. Nenda polepole, mwana wange."

Ndipo mlio ulipoanza kupumua. Ulikuwa unajaa na kupungua, unajaa na kupungua, ingawa sikuwa nimegusa kitu. Nikadhani betri inaisha nguvu. Nikapima, betri ilikuwa salama. Nikashusha namba kidogo sana, na kule kujaa na kupungua kukawa kwa polepole zaidi, mithili ya kifua cha mtu anayelala. Nikashusha tena kidogo, kukatulia kabisa.

"Huo," alisema mama. "Huo ndio wake."

Vinyweleo vilinisimama mikononi. Kila anayechezea vyombo hivi analijua jambo lile. Mlio mmoja haujai na kupungua peke yake. Hufanya hivyo ukikutana na mwingine ulio karibu sana nao, na miwili hiyo ikilingana, kule kuyumba kunakoma. Kulikuwa na mlio wa pili uani kwetu. Na kijiji kizima hakikuwa na umeme, na jenereta gani duniani inavuma bila kutetereka hata mara moja?

Kama ningekuwa mtu wa busara ningezima pale. Lakini mimi nikiogopa huwa nakasirika, na nikikasirika napenda kujaribu kitu kimoja zaidi. Kwenye amplifaya kuna swichi ndogo, upande mmoja sifuri, upande wa pili mia moja themanini. Kazi yake ni kugeuza mwendo wa spika: ilipokuwa inasukuma sasa inavuta. Milio miwili inayolingana ikikutana hivyo, mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta, inamezana. Nilijiambia kwamba kama hakuna mlio wa pili, nikibonyeza swichi hakitabadilika kitu, nami nitampakia mama na mizigo yake twende zetu.

Nikabonyeza.

Mlio ukatoweka. Spika ilikuwa inaenda mbele na nyuma, niliiona kwa macho, nikaigusa ikanisukuma kidole, na sauti haikuwepo. Ukimya ule ulikuwa na uzito. Nilisikia kuku, nilisikia mtu akikata kuni mbali, nilisikia jani la mgomba likikwaruza bati. Hapo nikaelewa kwamba tangu tumzike baba, jioni katika nyumba ile sikuwahi kusikia vitu hivyo vikiwa safi namna hii. Sijui kama nimesema vizuri. Kilichokuwa kimeondoka sikuwa nikikijua mpaka kilipoondoka.

Mama alitoka mlangoni akiwa ameshika fremu. Nilimzoea akiwa mkali, akiwa mchovu, akiwa na mzaha. Sura ile sikuwahi kuiona, hata siku ya mazishi.

"Umemfanya nini baba yenu?" aliuliza.

Alisimama akisikiliza, kichwa amekiinamisha upande wa kibanja, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Huko Kagondo ndivyo kutakavyokuwa hivi?"

Nilizima kila kitu. Mama akangoja, kisha nikaona mabega yake yakishuka, akapangusa uso kwa kanga, akarudi ndani. Nilimfuata. Nilipiga magoti kwenye mkeka nikaweka kiganja juu ya mtumbwi, mahali pale mkono wake ulipokuwa. Ubao ulikuwa unatetemeka kwa ndani, kidogo tu, bila kukatika. Niliogopa, na nilitaka kulia, na sikuondoa mkono.

Usiku ule sikuondoka. Dada alipopiga simu asubuhi nilimwambia mama hatoki Izigo. Alinifokea, na alikuwa na haki ya kunifokea, maana mvumo haukuwa umeiponya nyonga ya mama. Alipochoka nikamwambia, "Usihofu, hatakaa peke yake. Mimi ndiye ninayehama." Akauliza kama nimelogwa. Nikamjibu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, nikakata simu kabla hajaniuliza nimeshindwa na nani.

Nyumba ya Kagondo nimeirudisha kwa mwenyewe. Sasa naamkia Izigo, nafanya kazi Bukoba, jioni narudi. Sabufa bado iko kwenye buti, lakini nikishaacha lami nazima redio, naingia uani kimyakimya. Swichi ile nimeibandika gundi isigeuke tena.

Kuna jambo moja nimebakiza. Mtumbwi haukuwa umekanyagwa tangu baba alipokwenda. Mama alikuwa amekataa vibarua. Alisema unamngoja mwenyewe. Juzi Jumamosi ndizi zilikuwa zimeiva, jirani mmoja ana sherehe ya kipaimara, nikautoa mtumbwi nje, nikauosha, nikakata nyasi, nikavua viatu. Sijawahi kuwa mkamuaji. Nilianza vibaya, nikateleza, mama akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu na kuniuliza kama nakanyaga ndizi au nakanyaga nyoka. Polepole miguu ikapata mwendo wake. Maji ya ndizi yakaanza kunifika kwenye vifundo, nyasi zikalainika, jua likashuka, na nikasahau kwamba natazamwa.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ameacha kuchambua maharage. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anatazama kibanjani, kule kwenye kaburi, na uso wake ulikuwa mtulivu. Nikasimama, nikavuta pumzi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mdomo wangu ulikuwa umefumbwa na kifua bado kinanitetema kwa mvumo ule.

"Endelea," alisema mama. "Leo amepumua."