Koti la Babu

Turubai likilowa mvua, harufu yake hunirudisha kwenye mashua tulimoishi mimi, baba na mama, tukiuza vyungu. Siku moja baba alimpakia babu, baba yake mzazi, ampeleke Mwaya. Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake, kwa hiyo mama akajificha chini ya turubai.

Tukiwa mbali na ufuko, upepo wa mwera ukatuvamia. Baba alihangaika peke yake na tanga na usukani, huku maji yakiingia.

Babu akajifunika koti kichwani. "Mwambie mama yako ashike usukani," akanifokea. "Leo mimi ni kipofu."

Mama akatoka.

Tulipofika Mwaya nilimshusha babu kwa kumshika mkono, koti bado kichwani, akipapasa mchanga kwa fimbo.

"Mwambie ndaga fijo," akaninong'oneza; asante sana, kwa lugha yetu.