Siku Susu Aliposema Mungu Haishi

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha si nzuri, na sitakudanganya kwamba naipenda. Lakini kila nikipita karibu na kiwanda cha kahawa kule Kangundo nafungua dirisha la gari badala ya kulifunga, na mara moja nina miaka minane tena, nimesimama kwenye ua wa Susu na viatu vyangu vya mjini, sielewi lolote linalosemwa.

Susu ndiye nyanya kwa Kikamba, na Kikamba mimi sikuwa nacho. Nilikulia Athi River, kwenye ploti ya wafanyakazi wa viwandani, ambako jirani wa kushoto alikuwa Mluo, wa kulia Mtaita, na sisi watoto tuligombania mpira kwa Kiswahili. Kisha baba akaugua, akafa, tukaja kumzika kwao. Mama alipolazimika kurudi kazini aliniacha kwa Susu kwa muda kidogo, alivyosema yeye. Muda huo kidogo uliona kahawa ikichumwa, ikapogolewa, ikachumwa tena.

Kila aliyekuja kutupa pole aliniambia jambo moja: baba yako yuko kwa Mungu. Hilo nililishika kwa mikono miwili. Baba hakupenda kukaa peke yake. Hata chai hakunywa mpaka apate wa kunywa naye. Kujua kwamba yuko kwa mwenyeji kulinituliza kuliko pole zote.

Basi asubuhi moja nilikuwa nalia kando ya jiko, Susu akipepeta maharagwe. Kiswahili cha Susu kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kukataa bei. Alinitazama, akatafuta maneno, na niliona kabisa midomo ikiyajaribu kabla hayajatoka.

"Usilie, mama," akasema. "Baba yako ako kwa Ngai. Na Ngai haishi."

Akaridhika, akarudia maharagwe yake. Machozi yangu yalikauka palepale, lakini si kwa kufarijika. Ngai ni Mungu, hilo nilishajifunza kanisani. Haishi? Kwetu kwenye ploti ukimuulizia mtu ukaambiwa haishi hapa, ujue amehama. Na asiyeishi hapa wala kwingine, huyo amekufa. Yaani Mungu hayuko hai, na aliyeniambia si mlevi wa njiani, ni Susu, mama wa kanisa. Sasa baba yangu alikuwa kwa nani?

Sikumuuliza. Niliogopa atalithibitisha. Nikabaki kumchunguza, na kadiri nilivyomchunguza ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu Susu hakuacha kuomba. Kila kulipokucha alipiga magoti kando ya kitanda, akaongea Kikamba kirefu, sauti ikipanda na kushuka, nami nikimchungulia kupitia tundu la blanketi. Anaongea na nani, na yeye mwenyewe anajua haishi? Nilifikiri labda ni mambo ya wakubwa, kama wanavyokuambia sindano haiumi. Jumapili niliwatazama watu wazima wamefumba macho, nikawahurumia. Pasta ndiye aliyenisikitisha zaidi. Ilionekana wazi kwamba hajaambiwa, na sikujua nani angethubutu kumwambia.

Nilikonda. Susu akadhani ni minyoo, akaninywesha dawa chungu ajabu.

Mambo yalilipuka alasiri moja akina mama wa kanisa walipokuja kumtembelea Susu. Walikaa kwenye mabenchi uani, wakanywa chai kwa viazi vitamu, na ilipofika wakati wa kufunga, kiongozi wao Mama Mutheu akasema sala ya mtoto hufika haraka, mtoto wa marehemu Mutua atuombee. Nikasimama. Wote wakafumba macho. 

"Omba, mama," Mama Mutheu akanihimiza.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Mungu haishi. Susu aliniambia."

Macho yote yalifumbuka kwa pamoja, yakamgeukia Susu. Naye, asijue kosa lake liko wapi, akajibu kwa fahari, "Ndio, nilimwambia. Ngai haishi. Hata baba yangu alinifundisha hivyo."

Mama mmoja aliweka kikombe chini polepole, kana kwamba chai yenyewe imeharibika. Mwingine akaanza kukemea pepo. Mama Mutheu alisimama, akamwambia Susu, kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba kuzika mtoto ni uchungu, kila mtu anajua, lakini hata hivyo asimkufuru Mungu mbele ya mtoto.

"Nimekufuru wapi?" Susu naye akapanda moto. "Kwani wa kwenu anaisha?"

"Ati nini?"

"Nakuuliza, Ngai wa kwenu anaisha? Anaisha kama sukari?"

Mama Mutheu akapasuka kicheko mpaka leso ikamdondoka. Wakaelezana kwa Kikamba, wakacheka upya, wakapigana mabegani. Susu peke yake hakucheka. Aliniita, akanivuta kwenye magoti yake.

"Wewe ulisikia ati hayuko?"

"Eeh."

"Tangu ile siku?"

"Eeh."

Akanishika uso. "Sukari inaisha. Kahawa inaisha. Watu tunaisha. Yeye, hapana."

"Na baba aliisha?"

Kicheko kikakatika kila mahali. Susu akanipangusa shavu ambalo halikuwa na kitu.

"Mwili uliisha," akasema. "Lakini ako kwa mwenye haishi. Huyo hawezi kumwacha peke yake."

Sitasema nilielewa. Kitu kisichoisha hakikuingia kichwani mwangu, na hata leo kinaingia kwa shida. Nilichoelewa ni kwamba baba ana mwenyeji, na mwenyeji huyo hatahama. Jioni ile nilikula ugali nikaomba nyongeza, na Susu akaisifu dawa ya minyoo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa, nilimkumbusha Susu kisa kile nikitaka kumchekesha. Alitabasamu kidogo tu.

"Unajua Mutua alikuwa mtoto wangu," akasema.

Nilijua, bila shaka. Lakini naona aibu kukuambia kwamba mpaka dakika ile nilikuwa nimempanga Mutua kama baba yangu tu, na Susu kama mtu wa kunifariji mimi. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke aliyehangaika kunitafutia maneno katika lugha isiyo yake alikuwa ametoka juzi kumzika mwanawe.

"Ile miezi," akaendelea, "hata mimi nilikuwa nasikia vile wewe ulisikia. Naomba, naomba, naona kama hakuna mtu."

"Na uliendelea kuomba kila asubuhi?"

"Eeh. Nilijiambia, kama haishi, basi ako na wakati. Ataningoja nimalize kukasirika."