Nani Alimwambia Bi Hawa Amepumzika?

Siku moja hainitoki akilini, mwanangu, ingawa mengine ya mwaka ule nayachanganya. Ilikuwa hapa kijijini Idsowe, kando ya mto. Maji ya mafuriko yalikuwa yamepungua, lakini matope bado yalifika vizingitini. Tulichoka kuzika, tulichoka na njaa. Nayatanguliza haya usije ukawahukumu watu upesi.

Jilo, mtoto wa jirani yetu Bi Hawa, alifariki kwa malaria. Nasema mtoto, lakini alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Akili yake tu ndiyo iliyobaki utotoni. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga, la kwetu likiwemo.

Kwetu matanga huwa siku tatu. Ya Jilo yalitaka kuisha alasiri ile ile aliyozikwa. Mzee mmoja alisema marehemu hana dhambi, ni kama mtoto mchanga, kwa hiyo hahitaji dua nyingi. Alisema kwa wema, naamini. Basi wanawake tukaanza kukunja mikeka, na kila anayeaga anamwambia Bi Hawa, "Pole, dada. Mungu amekupumzisha."

Wawili waliaga hivyo. Wa tatu alipoaga, Bi Hawa akauliza, "Nani aliwaambia nimechoka?"

Akaitazama mikeka mikononi mwetu.

"Nimemwosha, nimemlisha, nimemtafuta mtoni akipotea. Mnadhani kesho nitaamka nifurahi kwamba sina wa kumwosha? Angekuwa mwalimu, mngekunja mikeka?"

Aliyeketi tena kwanza ni Dhahabo, mama wa Kiorma aliyekuwa ametuletea maziwa. Ng'ombe wake na mpunga wetu havikuwahi kupatana.

"Kijana yako huyu," akasema, "alikuwa anafukuza ng'ombe yangu mpaka barabarani, na huku anaiomba msamaha. 'Samahani shemeji, toka shemeji.' Fahali mzima, shemeji!"

Bi Hawa akacheka. Ndipo akalia, tangu asubuhi hakuwa amelia.

Tukatandika mikeka upya, tukakaa siku zote tatu, kila mtu na lake alilolikumbuka juu ya Jilo. Sijui tulimsaidia kiasi gani. Hakuchangamka. Ila alikula.

Mwanangu, utaitwa kwenye misiba ya namna hii. Usimwambie mzazi amepumzishwa. Hata kama alichoka kweli, hilo aliseme mwenyewe. Kaa siku zile zile ambazo ungekaa kwa mwingine. Mtaje marehemu kwa jina, simulia ulichomwona akifanya. Na ukimkuta pale ndugu wa marehemu mwenye akili kama ya Jilo, usimfiche jikoni. Mwambie wazi kwamba nduguye amekufa, hatarudi. Akiuliza tena, mwambie tena, kwa upole ule ule. Mimi sikusoma sana. Wakitokea wanaojua vizuri zaidi, wafuate wao.

Mungu akupe subira ya kukaa na waliofiwa, na siku ya msiba wako akuletee watu wasio na haraka ya kuondoka. Amin.