Makoti ya Wanaokwenda Kusoma Baridini

Siku yangu ya kwanza Soko la Toi, Nairobi, niliambiwa nisimame kando ya robota la mitumba na nisiguse kitu. Bosi Josfati, mwenye mzigo, alikata mikanda kwa kisu, nguo zikavimba polepole kama unga uliotiwa hamira, na harufu ikatoka. Nyinyi mnaouza nguo kwa simu hamuijui harufu hiyo. Ni dawa ya nondo, sabuni ya nyumba za watu, na chini kabisa kitu kama asubuhi ya mahali ambapo hujawahi kuamka.

Nilikuwa nimetoka kwetu Mwingi, masomo nimeyaachia darasa la sita. Bosi alinifundisha kazi kwa kufoka. Nguo nzuri za juu, zile wateja wanagombania robota likifunguliwa, tuliziita kamera. Zilizobaki chini ni fagia. Makoti mazito yote yalikuwa fagia, maana Nairobi nani atavaa koti la kufika magotini? Siku moja akaja kijana wa Sarang'ombe, huko Kibera, anayekwenda kusoma ng'ambo, anauliza koti la theluji. Bosi akaninyooshea kidole.

"Wewe, mama wa fagia, hayo makoti ni yako sasa. Ukiuza, kula. Usipouza, jifunike."

Niliuza. Ndivyo nilivyoitwa Mama Baridi, na wanafunzi wakaanza kutumwa kwangu kutoka Kibera yote na Kawangware.

Koti hukaguliwa kwanza kwapani, hapo ndipo mwenyewe wa kwanza alipolichosha. Kisha unaliinua juani. Kama ni la manyoya ya bata utaona kivuli cha manyoya ndani, na ukikuta yote yamekimbilia chini, hilo ni gunia tu. Mwisho nilimwomba jirani yangu, Mama Samaki, kipande cha barafu, nikakibandika mgongoni mwa mwanafunzi juu ya koti. Akikaa bila kujikunja, limefaa.

Hapo ikaota desturi ya kuvalishwa. Jumamosi ukoo mzima unakuja kibandani, mimi nafunga zipu mpaka kidevuni, wanaomba, na mwanafunzi anasimama juani jasho likimtiririka. "Usivue," shangazi anasema, "mjomba wako bado hajaomba." Wakiondoka, mchana ukiwa umelala, nilikuwa naingiza uso kwenye koti lililobaki na kufumba macho. Naona miti isiyo na majani na barabara nyeupe ambayo hakuna aliyeikanyaga. Naona mtu anatembea mbali, nampigia mluzi, hageuki. Nikifumbua macho mteja ananiuliza bei mara ya pili.

Mdogo wangu Mwende nilimlea mwenyewe, katika chumba cha kupanga kwenye ploti ya Kawangware 56, baada ya mama kufa. Alisoma pale mimi nilipoachia. Akapata nafasi ya chuo kikuu Kanada, kusoma baiolojia.

"Baiolojia ya nini?" nikamuuliza.

"Ya vyura, dada."

"Vyura si wako hapa mtaroni? Unavuka bahari kwa ajili ya chura?"

"Hawa wengine wanaganda na baridi. Moyo unasimama. Barafu ikiyeyuka wanaamka."

"Nani amekudanganya?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwekea koti la bluu, kamera, la manyoya, nikalifungia nyuma ya kibanda lisionekane.

Sasa nataja watu, maana nimechoka kusikia ati moto wa sokoni uliletwa na waya wa stima. Aliyechoma laini yetu, safu nzima ya vibanda, ni Mwenyekiti Gilbati, mwenyekiti wa laini, pamoja na Bosi Josfati. Walikuwa wameiuza kwa mtu anayetaka kujenga maduka. Bosi alihamisha marobota yake siku iliyotangulia. Gilbati nilimwona mimi, adhuhuri, anamwaga mtungi nyuma ya kibanda cha magodoro. Nilidhani ni maji ya kutuliza vumbi. Moto ulipofika kwangu niliingia kutafuta lile koti la bluu. Nikatolewa bila koti, na mapafu haya mnayoyasikia.

Mwende akasema haendi.

"Nani atakupikia?"

"Kwani nilikuwa napikiwa?"

"Dada, huwezi hata kufika chooni."

Jumamosi iliyokuwa ya kuvalishwa kwake, Bosi Josfati akaja kwenye ploti, amebeba koti jipya mkononi kama anayebeba mtoto. Akamvalisha Mwende mwenyewe. Lilimkaa. Nilikuwa kitandani nikaona jinsi lilivyomkaa, na nikatamani kufumba macho nibaki hapo.

"Jumatatu chifu anaita watu juu ya ule moto," Bosi akaniambia. "Wewe ulikuwa na moshi machoni, Mama Baridi. Hukuona kitu."

Macho yangu yalibaki kwenye koti. Koti lilikuwa zuri, na ndiyo aibu yangu. Mwende alinitazama, akamtazama Bosi, akashusha zipu.

"Chukua, Bosi. Linawasha."

"Hilo ni kamera, msichana."

"Bado linawasha."

Akalikunja vizuri, akamrudishia. Bosi alipotoka nikamwambia mdogo wangu: ukibaki hapa, hawa wawili ndio watakuwa wamekupangia maisha. Mimi nitakohoa ukiwepo na nitakohoa usipokuwepo. Aliosha vyombo vyote kabla ya kunijibu. Akaondoka na sweta tatu, mojawapo ya Mama Samaki, ikinuka kazi yake.

Jumatatu nilishikwa mkono mpaka kwa chifu nikawataja wote wawili. Chifu akauliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Maduka yalijengwa. Gilbati ana mawili.

Daktari alinikataza vumbi la nguo, kwa hivyo nimestaafu kabla ya mvi kunijaa. Mwende alipofika alinipigia akicheka: huko chuoni kuna chumba kizima cha makoti, wanafunzi wa nje wanachagua bure. Nilikaa na hiyo habari siku nzima. Miaka yangu yote ile ya makoti, na barafu ya kuomba kwa watu. Kisha nikaona hapana, wale watoto hawakuondoka hapa wakitetemeka, na hilo lilikuwa na kazi yake.

Juzi alasiri alinipigia video kutoka maabara. Dirishani kwake kulikuwa kweupe kwa theluji. Akashusha simu juu ya sahani, chura amelala, mgumu kama jiwe la mtoni, ametolewa kwenye baridi sasa hivi.

"Ngoja, dada. Huchukua muda. Nikupigie baadaye?"

"Usikate," nikamwambia.

Tukamwangalia chura, yeye kule na mimi huku, kikohozi nikikibana kifuani kisimsumbue mtu. Ngozi ya chura ikaanza kung'aa maji. Muda mrefu baadaye, chini ya shingo yake, kitu kikagonga mara moja.

"Umeona?" Mwende akanong'ona.

Niliona.