Ndege Iliondoka Sebuleni, Ikabaki Jikoni

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi, mama wa aliyesafiri. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ni shangazi wa msafiri. Alikuwa ameshuka kutoka Iyula na debe la maharage akisema anakaa siku mbili, akakaa mpaka maharage yakaisha. Mkwe wangu, mume wa msafiri, mwenye malori na mwenye nyumba tuliyokuwemo, mtu wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano. Jirani mmoja Mzambia anayevuka mpaka kila asubuhi kuuza dagaa wa kapenta, rafiki wa binti yangu, yaani wanapendana na kuibiana wateja. Na mzee mmoja, dereva mstaafu, mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye si ndugu wa yeyote pale ila hakuna jambo la nyumba ile lililowahi kumpita. Wajukuu walikuwa shule.

Majina yao yote ninayo kichwani, na ya baba zao, na la mbwa wa yule mzee. Sitayaandika. Hapa Tunduma tunazikana. Mtu ukimwandika vibaya leo, kesho ndiye atakayeshika koleo kwenye kaburi lako, na atafukia anavyotaka yeye.

Kwanza nieleze jambo la ukwe, maana bila hilo mtasema tulikuwa wajinga. Tulikuwa wajinga, lakini kwa utaratibu.

Kwetu milimani, Ileje, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Mwenye neno anatuma mtu. Mkwe wangu alipokuja kuoa alifundishwa hayo, nami nikadhani mtu wa Kondoa, tena wa biashara, atayasahau kabla pilau haijapoa. Akayashika kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Kila binti yangu anaposafiri kufuata vitenge na viatu mimi huja kuangalia watoto. Mkwe anakaa mbele, mimi nakaa jikoni uani, katikati yetu ukuta wa matofali. Akitaka kwenda bafuni anaanza kukohoa tangu sebuleni ili nijifiche. Mtaa mzima ulijua ana kifua. Walimletea na dawa.

Mjumbe kati yetu alikuwa wifi. Naye wifi ana sheria yake aliyorithi kwa mama yake: habari ya mtoto haipewi mama mwenye njaa. Mtu ale kwanza, aambiwe baadaye, maana tumbo tupu likipokea habari nzito mtu huanguka. Mama yake alimlisha jirani bakuli zima la uji ndipo akamwambia mumewe amefariki. Jirani yule hakuanguka, ni kweli. Ila hadi anakufa hakunywa uji tena.

Basi mchana ule televisheni ya mkwe ikasema kuna ndege imetekwa. Jina la uwanja ndilo lile lile binti yangu alilotutajia asubuhi, kwamba ndipo anapandia kurudi. Walisema mtu mmoja amejifunga kitu tumboni, anadai ni bomu, anataka apelekwe anakotaka yeye. Wakipiga simu ya binti yangu, haipatikani. Yule dada wa kwenye simu aliwajulisha hivyo kwa sauti nzuri, tena na tena, kana kwamba walimpigia yeye kumsalimia.

Mimi hayo sikuyaona. Niliyapata jikoni, kwa wifi, pamoja na ugali.

"Wifi," akasema, "kuna ndege imetekwa. Ila kula kwanza."

"Ndege ipi?"

"Kula."

"Ya mwanangu?"

"Ugali unapoa, wifi."

Nikamwambia sitii tonge mdomoni mpaka aniambie yote. Akasema haniambii yote mpaka nitie tonge. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili wenye wajukuu, sahani katikati. Nilichomtoa ni kidogo: kwamba ndege huenda ni hiyo, na kwamba hawajakubaliana kama imeshaondoka uwanjani au bado.

Nikashika hapo. Ikiwa bado iko chini, nilijiambia, kuna askari, kuna ngazi, mlango unaweza kufunguliwa. Angani nani atamfungulia mwanangu mlango? Nikaomba ndege ile isiondoke. Niliomba kwa nguvu zote, nimepiga magoti kando ya gunia la mkaa.

Na mashahidi sikukosa. Televisheni ilisema imeondoka. Redio ya mzee dereva ikasema iko uwanjani, abiria wote ndani. Jirani wa kapenta akaingia na beseni lake kichwani akasema, "Awe, ba mayo, hapana mama, redio ya kwetu inasema saa sita ilikuwa bado." Wifi akamjibu kuwa ya kwetu imesema saa sita ilikuwa imeshapaa. Sasa hapa mpakani ukivuka barabara tu unarudi nyuma saa nzima. Sita yao ni saba yetu. Mzee dereva akasema hilo ni dogo, atalimaliza yeye. Akachora mchangani kwa fimbo saa ya Tunduma, akachora ya Zambia, akakumbuka kuwa huko ilipo ndege nako wana saa yao, akachora na hiyo. Alipomaliza kukokotoa, ndege ilikuwa imeondoka kabla ya kufika.

Hakutahayari. Akafuta mchanga kwa kiatu, akanijia mlangoni mwa jikoni.

"Bibi, usiumie. Mimi nimewahi kupeleka saruji ya kujengea uwanja wa ndege. Mambo ya anga nayajua. Chombo hakiondoki bila karatasi."

"Hata kilichotekwa?"

"Hicho ndiyo zaidi. Lazima kigongewe muhuri."

Mnacheka. Mimi sikucheka, nilifarijika. Nimeishi mpakani miaka mingi, naona malori yalivyopanga foleni kutoka huku mpaka kule, madereva wanafua nguo na kuzianika kwenye vioo. Sijawahi kuona chombo kikiondoka siku kilipotakiwa kuondoka. Nikasema na huyo mtekaji, bomu lake analo, lakini mtu wa mihuri atakuwa ameenda kula.

Wifi akarudi kutoka mbele, anatembea taratibu kama aliyebeba maji.

"Imeondoka," akasema. "Televisheni imerudia."

Nikakaa chini. Nikauliza, "Na mkwe amesemaje?"

"Amesema alhamdulillahi."

"Kwa ndege kuondoka?"

"Kwa ndege kuondoka. Amenyanyua na mikono. Ila wifi, kula, nitakumalizia."

Nikamtazama mkwe wangu kupitia ule ukuta wa matofali. Sijui kama mnanielewa. Mwanangu amebebwa hewani na mtu mwenye bomu, na mumewe ananyanyua mikono kushukuru. Kumbe kukohoa kote kule, heshima yote ile, alikuwa anasubiri tu! Nikamwona mke mdogo wa Kondoa anashuka kwenye lori na masanduku yake. Nikaona hadi rangi ya masanduku.

Nikainuka na mwiko mkononi. Wifi akasema, "Unakwenda wapi, huko yuko mkwe wako." Nikasema ndiyo huyo huyo. Nikapita uani, nikapita ukumbini, nikaingia sebule ambayo sijawahi kuingia akiwemo. Jirani wa kapenta alishusha beseni. Mzee dereva alipunguza sauti ya redio, jambo ambalo hajalifanya hata kwenye msiba.

Mkwe aliponiona aliruka, akageukia ukuta na kujivutia kofia machoni, akabaki pale kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nikauambia mgongo wake, "Baba, unamshukuru Mungu kwa lipi?"

Naye akaujibu ukuta, "Mama, kwani hukupewa ujumbe?"

"Ujumbe upi?"

"Aliniandikia kabla simu haijazima. Wamemzuia na mizigo, imezidi uzito, anabishana nao. Anasema ndege ikiondoka kwa wakati wake itamwacha. Ikichelewa, atalipa apande. Nilimtuma shangazi akwambie."

Nikashusha mwiko. "Kwa hiyo kama imeondoka..."

"Imemwacha, mama."

"Na kama haijaondoka?"

Mabega yake ndiyo yaliyosema.

Hapo nikaelewa nilivyoshinda mchana ule. Nyumba moja ilikuwa inapeleka maombi mawili, la Kikristo kutoka jikoni na la Kiislamu kutoka sebuleni. Moja linavuta ndege juu, jingine linaivuta chini. Na langu ndilo lililokuwa linamrudisha mwanangu ndani. Nikamgeukia wifi.

"Ungekula ningekwambia," akasema.

Televisheni nayo haikuwa na huruma. Dakika ile ile ikaomba radhi: taarifa za awali hazikuwa sahihi, ndege ingali uwanjani. Mzee dereva akasema polepole, "Muhuri." Nilikaa kwenye kochi, mwiko mapajani. Mkwe alikuwa bado anautazama ukuta, na nikasikia kwamba kile nilichodhani ni kukohoa kumbe ni kilio.

Nikamwambia, "Geuka, baba. Ukuta hauna habari."

Akageuka. Binti yangu amemzalia mtu yule watoto watatu, na siku hiyo ndiyo nilijua ana kovu kwenye kidevu na mvi kwenye ndevu. Akakaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo, tukatazama televisheni pamoja, sasa wote tukiisukuma ndege ipae. Mtangazaji alisema imeondoka. Akasema haijathibitishwa. Akasema kuna vyanzo. Sijawahi kumwona mtu analipwa kwa kutojua kitu.

Simu ya mkwe ikalia, namba ya kigeni, na sauti ya binti yangu ikajaa sebule bila salamu.

"Baba watoto, watu wa huku si wazima. Wanapima kitenge kama dhahabu. Ndege imeniacha, begi langu moja la viatu limeondoka nayo, na simu imekufa chaji, hapa nimeazima ya mfagiaji."

Mkwe aliinuka kwenye mkeka. Akaninyooshea simu, mkono wake hadi mkononi mwangu.

"Imekuacha kweli, mwanangu?"

"Imeniacha, mama."

"Uliiona ikiondoka?"

"Niliiona kwenye kioo, nikaitukana." Kisha akashtuka. "Mama. Nani amekupa simu ya mume wangu?"

Ndege yenyewe ilitua kwingine, watu wakashuka wazima, nasikia na lile bomu halikuwa bomu. Hayo binti yangu aliyajua baadaye, na bado lililomshangaza ni mimi kuwa sebuleni.

Wifi hakuona aibu hata chembe. Alitangaza kuwa mwiko wa ukwe umevunjwa, na kwamba lazima achinjwe kuku wa kufungua mdomo, mama mkwe na mkwe wale sahani moja. Mkwe akachinja mwenyewe jogoo mzuri. Wifi akala firigisi, akisema mjumbe ndiye aliyechoka kuliko wote.

Tangu hapo mkwe wangu anaongea nami, na sasa najua bei ya tairi la lori, la mbele na la nyuma, la mtumba na jipya, asubuhi na jioni. Kuna siku naukumbuka ule ukuta. Lakini binti yangu akisafiri, ujumbe wake unafika jikoni mzima, na anayeuleta ni mkwe mwenyewe. Hakohoi.

Mpaka leo mzee dereva anasema ndege ile ilichelewa, jirani wa kapenta anasema iliwahi, na wifi anasema ningekula. Mimi nimesema ninavyokumbuka. Darasa niliishia la tatu, macho yanaungua, inawezekana nimemweka mtu mlangoni naye alikuwa dirishani. Uliyekuwepo ukiona nimekosea, njoo unisahihishe, nipo Tunduma kwa binti yangu, pitia sebuleni tu. Ila ukiwa wewe, wifi, utasema yote kwanza, chakula baadaye.